Mikono Kwenye Dirisha la Matonge

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, saa sita mchana, nami nilikuwa nimesimama Matonge, mtaa wa sisi Wakongo, mbele ya kioo cha ofisi moja, mkate mkononi. Jua lilikuwa kali, lile jua la Brussels linalokuja mara chache na kila mtu hutoka nje kulilaki. Mimi nilisikia baridi. Katika mji huu nimeishi miaka mingi, nimekanyaga theluji yake, nimepanga foleni alfajiri kwenye ofisi ya wageni, lakini baridi ya siku ile sijaisikia tena, na naomba nisiisikie.

Utanisamehe nikianzia mbali. Juzi uliniletea filamu yako, ukaweka flashi hapa mezani, ukasema, "Maman Bahati, angalia tu, uniambie kama ni nzuri." Nimeiangalia. Nimeiangalia mara tatu. Jibu lako ninalo, ila nitakupa mwishoni, maana nikikupa sasa utadhani ni wivu wa mtu mzima aliyepitwa na wakati. Basi keti, kunywa chai, na hiyo simu ilaze kifudifudi.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Vita vilinitoa Uvira, na njia niliyopita kufika huku nitakusimulia siku nyingine, kama nitakuwa na nguvu. Asubuhi nilikuwa nasafisha ofisi za watu. Jumapili, baada ya kanisa, nilikuwa mtu mwingine kabisa: nilipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu kule mtaa wa Saint-Gilles, nyuma ya stesheni ya Gare du Midi, kwa mzee tuliyemwita Tonton, yaani mjomba, Faustin, na huko nilikaa mbele ya kompyuta kuukuu nikikata na kuunga picha. Nilikuwa na mkono mwepesi kwa kazi ile. Nasema hivyo bila aibu, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wepesi huohuo ndio ulionitia mashakani.

Tonton Faustin alikuwa mtu wa Lubumbashi. Kule kwao alipiga video za harusi na matanga, hadi siku alipokutwa na mwanaume aliyempenda. Alikimbia na kamera begani, akaacha kila kitu kingine. Hapa alitukusanya sisi, watu kama tisa hivi, mashoga, wasagaji, na wengine ambao hata tusi lao lilikuwa halijapatikana. Tulipigana picha wenyewe kwa wenyewe. Hatukuomba ruhusa wala msaada wa ofisi yoyote. Filamu tulizitazama palepale chumbani, kwenye shuka nyeupe iliyotundikwa ukutani, tukila maharage. Ukiuliza zilionyeshwa wapi kwingine, nitakujibu: si pengi.

Na tulikuwa na desturi zetu. Filamu ikiisha kuunganishwa, waliomo wanaitazama kwanza, na yeyote kati yao akisema "toa", kipande kinatolewa. Hakuna kupiga kura, hakuna kubembeleza, neno moja linatosha. Tena ile kaseti ndogo ya kamera haikubaki kwa mpiga picha. Ilikwenda kwa aliyepigwa. Tulisema, kaseti inalala kwa mwenye sura. Wageni waliotutembelea waliona ni upuuzi, filamu ngapi zilizimwa namna hiyo! Tonton aliwajibu kwa Kiswahili chake cha Katanga, "Batu benye banapiga filme ili bapendwe, beko bengi. Siye tunapiga ili tuonane." Siku zile nilimwona mkaidi. Nilifikiri ni mzee mwoga anayeuita woga wake msimamo.

Sasa nikwambie juu ya Mapendo. Alikuwa msusi katika saluni moja pale Matonge, mwanamke wa Bukavu, mfupi, mwenye kucheka kabla hajamaliza kichekesho chake mwenyewe. Aliishi mtaa wa Saint-Josse kwa kaka yake, shemasi wa kanisa letu, diacre kama tulivyomwita. Karatasi za ukaazi hakuwa nazo. Faili yake ilikuwa inangoja, na anwani iliyoandikwa humo ilikuwa ya kaka yake. Hata polisi wa mtaa alishafika mlangoni kuhakikisha kwamba kweli analala pale. Kaka akimtoa, anwani imekufa, na anwani ikifa, faili imekufa nayo. Hilo Mapendo alilijua, na kaka yake alilijua vizuri zaidi.

Mapendo alikuwa na mpenzi, mwanamke wa Charleroi, jina lake halinihusu kulitaja. Siku moja alikubali Tonton ampige picha akimsuka mpenzi wake. Masharti yake: sura isionekane, kamera ikae mikononi. Alisuka saa mbili nzima huku akizungumza, na mwanangu, sijawahi kusikia maneno kama yale. Alizungumza juu ya kaka yake aliyempa kitanda na kumnyima pumzi. Alizungumza juu ya polisi wa mtaa aliyefungua kabati kuhesabu nguo zake. Alizungumza juu ya Mungu, kwamba wanasalimiana. Akasema hataki kuvumiliwa na mtu, kuvumiliwa ni jambo la jino bovu. Tulipoitazama kwenye shuka, hakuna aliyekula.

Kaseti ilikuwa ilale kwake, lakini angeilaza wapi, chini ya mto kwa shemasi? Akanipa mimi. "Bahati, nifichie," akasema. Nikaitia ndani ya kopo la unga, nikafunga, nikamwapia.

Basi. Mojawapo ya ofisi nilizosafisha ilikuwa ya miradi ya kuwaunganisha wageni na wenyeji, na ilikuwa na dirisha kubwa barabarani hapohapo Matonge. Kioo chake nilikisugua mwenyewe kila Ijumaa. Bibi aliyeiongoza alikuwa mwema. Nataka ulielewe hilo, maana hata hao wa tamasha unaowaandikia barua ni wema, na ubaya ungekuwa rahisi kuukimbia. Alijua jina langu. Siku moja alinikuta natazama picha za tangazo fulani kwenye kompyuta yake, nikamwambia, mimi pia nakata filamu. Macho yake yalipanuka. Hakuna aliyewahi kunitazama hivyo nikiwa nimeshika ndoo.

Aliniomba nimletee kitu. Nikampelekea nakala ya kazi ya Mapendo, nikijiambia ni kumwonyesha tu. Aliipenda. Alilia hata. Kisha akasema, taratibu, kwamba ni ndefu. Wiki iliyofuata akasema ina hasira, na watu wa hapa wakigombezwa hufunga masikio. Wiki iliyofuata tena akasema, sheria ya ndoa za jinsia moja imeshapita nchini, kazi iliyobaki ni kuwaonyesha majirani kwamba ninyi ni watu kama wao. Je, siwezi kubakiza yale mapenzi peke yake? Wanaweka televisheni dirishani, dakika nne, bila sauti, na jina langu mwishoni.

Jina langu, mwanangu! Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, nikajisemea, na nikainama. Nilitoa polisi na kabati. Nilitoa kaka, nikatoa Mungu, nikatoa lile jino bovu. Nilitoa godoro lililokuwa sakafuni nyuma yao, maana lilionyesha umaskini. Nikabakiza mikono, nywele, kikombe cha chai, na ua ambalo bibi wa ofisi alilinunua na nikalipiga picha mwenyewe ili nilichomeke katikati. Chini wakaandika kwa Kifaransa na Kiflamandi kwamba wanawake hawa wawili wanapendana. Ikawa nzuri, nakiri. Iliteleza, hata mtoto angeitazama.

Utaniuliza, na Mapendo? Nilipanga kumwambia Jumapili. Jumapili ikaja, alikuwa na furaha, nikaona nisimharibie. Nikapanga Jumapili nyingine. Moyoni nilikuwa na jibu langu tayari: desturi inasema mwenye sura, na sura haimo. Ni mikono tu. Nani anaijua mikono?

Mimi, mtu wa Uvira, niliyesukwa tangu utoto katikati ya mapaja ya shangazi zangu, nilisema hivyo.

Sasa rudi nami kwenye kile kioo. Nilikwenda Jumamosi ile kujitazama, sitakuficha. Nilinunua mkate, nikavaa gauni. Nilipokaribia niliona kina mama watatu wamesimama dirishani, mabega yao yamejaa kitenge cha kwaya yetu. Walikuwa wanacheka kwa upole, kama watu wanaotazama kitu cha kwao ugenini. Nikafurahi. Nikasogea nyuma yao niwasikie wakisifu.

"Angalia vile anashika kisanuo," mmoja akasema. "Na kidole ya mwisho."

"Na kila mustari, anagonga bega mara mbili. Tac, tac. Eeh! Mapendo huyu."

"Mapendo gani?"

"Ule wa saluni. Dada ya diacre."

Kicheko kiliendelea kidogo, kwa sababu bado walikuwa hawajasoma. Kisha yule wa katikati akainama, akasoma maandishi ya chini, midomo ikicheza. Akaonyesha kwa kidole. Wenzake wakasoma. Siri ya mtungi aijuaye kata, na hawa watatu vichwa vyao vyote vilikuwa vimesukwa na mikono ile. Nilikuwa naitazama mistari yake nyuma ya shingo zao. Niliuona mkate wangu umebonyea. Dakika nne zikaisha, likatokea jina: Bahati. Halafu mikono ikaanza upya.

Mmoja akageuka, akanikuta. "Bahati," akasema, "ile jina, si ni weye?"

Nilitazama huku na huku, nikajisikia nikisema, kwa sauti ya mtu anayeulizwa njia, "Akina Bahati ni wengi Brussels, Maman."

"Na hii mikono, unaijua?"

"Siijui."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Neno lile lilitoka jepesi hivyo, na walipoondoka nilijua waendako, kwa maana mkutano wa mashemasi ulikuwa saa nane na wote tulijua.

Nikauvamia mlango wa ofisi. Umefungwa. Jumamosi, mwanangu! Funguo sikuwa nazo, sisi wasafishaji tulifunguliwa na mlinzi siku za kazi tu. Nikapiga simu ya ofisi nikaisikia ikilia ndani, mlemle, meta tatu kutoka nilipo, na hakuna wa kuipokea. Televisheni ilikuwa nyuma ya kioo ikizunguka, dakika nne, dakika nne, na ingezunguka hivyo hadi Jumatatu. Kesho yake asubuhi kanisa zima lingepita pale kutoka metro ya Porte de Namur. Nilikaza kiganja kwenye kioo mpaka kikaacha alama. Niliogopa kama mtoto. Nilitaka kulia, nikaogopa kuonekana nalia.

Saluni ya Mapendo ilikuwa hatua mia mbili kutoka pale. Nisikilize hapa, hata kama mengine yote utasahau. Hatua mia mbili. Ningeweza kwenda, nimwite nje, nimwambie: nimekosa, wanakuja, kimbia, au jitayarishe, au tangulia wewe kumwambia kaka yako kwa kinywa chako. Sikwenda. Niliogopa macho yake. Nilipita barabara ya nyuma nisionekane, nikashika tramu, nikaenda Saint-Gilles kwa Tonton.

Alikuwa anachambua mchele. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Hakupaza sauti hata kidogo, na mimi nilikuwa nimejiandaa kupigiwa kelele. Aliuliza jambo moja.

"Umemuambia Mapendo?"

"Bado, Tonton."

"Umetoka Matonge, umepita saluni, umekuja huku?"

Aliweka sinia chini. Nikaanza kujitetea, nikasema nilitaka watu watupende, nikasema Tonton, ukitaka cha mvunguni, akanikata palepale.

"Kuinama iko sawa," akasema. "Lakini mutu anainama na mugongo yake. Weye uliinama na mugongo ya Mapendo."

Kisha akapanda kwenye kiti, akaitungua ile shuka yetu ya sinema, akaikunja, akatwaa utepe wa gundi, akanisukuma mlangoni. Nilihesabu vituo vya tramu, nikaomba, nikahesabu tena.

Tulikuta watu kama kumi dirishani. Wengine walipita tu, wengine walikuwa wameitana. Tonton alipasua katikati yao na shuka yake, mzee mrefu mwenye kofia, akaanza kuibandika juu ya kioo, kwa nje, pembe hadi pembe, mimi nikimkatia utepe kwa meno. Kijana mmoja akauliza kuna nini. Tonton akajibu bila kugeuka, "Matanga." Wakarudi nyuma wote. Mmoja alivua kofia. Kwetu neno hilo halibishiwi, na nilipoona wanavyotuachia nafasi, nilihisi hakudanganya.

Tukaenda saluni. Kiti cha Mapendo kilikuwa tupu. Kando yake aliketi mteja, msichana, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, mikebe ya mafuta iko wazi, kisanuo kimelala juu ya taulo. "Alitoka tu dakika moja," msichana akatuambia. "Kaka yake alimwita nje. Mnamjua? Mimi nina harusi jioni."

Ile nusu ya kichwa, mwanangu, naiona bado.

Usiku ule hatukulala. Simu ya Mapendo ililia, kisha haikulia tena. Tulisikia hatua ngazini, zikapita ghorofa ya juu. Niliwaza mambo ya kutisha, mengine sitayatamka mbele yako. Tonton alisali rozari na alikuwa si mtu wa rozari. Jumapili mchana, saa yetu ileile ya kutazama filamu, mlango ukagongwa, na alikuwa yeye, mzima, na begi moja. Nilipiga kelele kwa furaha. Nikanyanyuka nimkumbatie, naye akapita pembeni yangu akaenda kuketi.

Kaka yake hakumpiga. Aliketi sebuleni na wale kina mama, akapiga simu Bukavu, akaweka sauti ya juu, akamfanya asikilize mama yake akiambiwa. Kisha akamwandikia polisi wa mtaa kwamba dada yake haishi tena pale. Barua alimsomea. Mapendo alieleza yote hayo polepole, akitazama ukuta mtupu ilipokuwa ikikaa shuka. Mikono aliiweka chini ya mapaja, ameikalia.

"Uliniuliza?" akasema hatimaye. "Bahati. Uliniuliza?"

"Hapana."

"Ningekatala. Ungekasirika siku mbili. Basi, tungebaki marafiki." Alivuta pumzi. "Na kama ulikuwa unataka mikono yangu, juu ya nini ulitupa mudomo yangu? Nilisema mambo ya maana mule."

Nilitoa kaseti, nilikuwa nimeibeba mfukoni tangu jana, nikamnyoshea kwa mikono miwili. Desturi ni desturi. Hakuitoa mikono aliyoikalia.

"Ilale kwako," akasema. "Weye ndiye uliipenda."

Jumatatu bibi wa ofisi aliiondoa shuka, akaikunja vizuri, akanirudishia. Alishangaa sana, na aliumia. "Lakini hatukuonyesha uso wowote," alisema, na maneno yale yalikuwa yangu. Alizima televisheni siku ileile. Kazi ya kusafisha niliiacha mwezi uliofuata. Sikuweza tena kukigusa kile kioo.

Mapendo alikwenda Liège kwa mtu aliyejulikana na Tonton. Faili ilianza upya, kwa anwani mpya, miaka sita mingine ya kungoja. Mapenzi yake na yule wa Charleroi hayakuivuka baridi ya mwaka ule. Na kusuka Mapendo aliacha. Sikuamini nilipoambiwa, nikadhani ni hasira za muda. Nilikutana naye mara moja tu, miaka mingi baadaye, kwenye stesheni ya Liège, nimekwenda kwenye mazishi ya Tonton Faustin, maana huko ndiko alikozikwa. Karatasi alishapata. Alikuwa anafanya kazi ya kutunza wazee, amevaa vizuri, amenenepa. Tulizungumza juu ya marehemu, tukacheka hata. Kisha akanitazama kichwani. "Nywele zako mbaya hivi, nani anakusuka?" Nikasema najisuka mwenyewe. Akatikisa kichwa. Mikono yake ilikuwa kwenye mifuko ya koti, na treni ilipofika alipanda bila kuitoa. Nililia njia yote hadi Brussels, na kondakta aliniletea maji.

Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Wangu amekuja, amekua, anaishi nami. Kaseti iko pale juu ya kabati, ndani ya lile kopo, na mashine ya kuisoma sina. Najua imeandikwa nini ndani yake, neno kwa neno, ila mwingine anayejua ni mmoja tu, naye hataki kuichukua.

Haya, sasa filamu yako. Ni nzuri. Ni nzuri kuliko zote nilizowahi kukata, na nimekuona ndani yake, nimejivuna. Ule ugomvi wa jikoni, mnavyotukanana na kulishana kwa kijiko kimoja, ndio moyo wake. Na umeniambia mwenyewe kwamba wale wa tamasha kubwa wanakuomba uutoe, kwa sababu watazamaji watawaona ninyi ni watu wa fujo. Wanataka ibaki ile ngoma ya mwishoni. Mwanangu, mimi sikatazi mtu kupanda jukwaa. Lakini yule anayekupenda baada ya kukukatakata, siku utakapoota tena ulichokatwa atakuuliza kimetoka wapi. Wakitaka ngoma, wachukue na jikoni. Wakikataa, shuka bado ninayo, na maharage napika.

Hilo ni la kwanza, na kwa hilo unaweza kunibishia, wewe ni mtu wa shule. La pili usinibishie.

Nyuso umezifunika vizuri, umezitia ukungu. Umebadilisha na sauti. Ila dakika ya kumi na moja, nyuma ya yule kijana anayezungumza juu ya baba yake, kuna koti limetundikwa mlangoni. Koti la kijani. Mfuko wa kushoto umeshonwa kwa kipande cha kitenge cha bluu chenye ndege. Mimi ni mzee, jicho langu la kushoto na la kulia hayapatani, na nimelijua koti lile mara ya kwanza nilipoliona. Kitenge kile mama wa kijana huyo alikikata mbele yangu, Saint-Josse, siku ya kina mama wa kanisa, tukiwa tumekaa benchi moja. Tulibishana juu ya rangi ya uzi.

Ikiwa mimi nimelijua, yeye aliyelishona je?

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, nami nimeilipia, ichukue bure. Mtu si uso peke yake. Mtu ni anavyoshika kisanuo, ni koti lake, ni kikombe chake chenye mpini uliovunjika, na anayempenda au anayemchukia atamjua kwa vitu hivyo kabla ya uso. Wewe na mashine yako hamwezi kujua vyote. Anayejua ni mwenyewe. Muulize, na umuulize akiwa ameketi, ameshiba, hana haraka, na akisema toa, toa, hata kama ndicho kipande kilichokufanya uitwe fundi. Na kama umeshakosa, kwa sababu utakosa, usikimbilie kwangu kwanza. Mimi nitakupa chai na maneno. Nenda zile hatua mia mbili.

Mungu wa Mapendo, yule anayesalimiana naye, akulinde barabarani na kwenye ngazi za giza. Akupe marafiki watakaokuudhi kwa kukataa. Akupe watu wa kukutazama mzima, na jiko lako na fujo zako, na kazi ya mikono yako isimkoseshe mtu mlango wa kulala. Uzeeke, mwanangu, uzeeke hapahapa kati yetu, uchoshe vijana kwa hadithi ndefu kama mimi ninavyokuchosha. Amina.

Sasa igeuze hiyo simu. Mpigie yule kijana. Mwambie koti. Mimi nasubiri hapahapa.